Fungua Mdoli, Tunza Boksi Lake

Geuza kadi ya kifungashio cha mdoli wa G.I. Joe wa miaka ya 1980 uitazame nyuma. Kuna kisanduku chenye picha ya askari, jina lake la kazi, cheo na wasifu mfupi, na kimezungushiwa alama za kukatia. Hasbro, waliotengeneza midoli hiyo, walitaka mtoto achukue mkasi, akate kisanduku hicho na akiweke. Wasifu wenyewe, ambao sehemu kubwa uliandikwa na Larry Hama, mwandishi wa vitabu vya katuni, ulikuwa na uhondo wa kutosha kumfanya mtoto aitunze karatasi hata baada ya bunduki ya askari kupotea. Transformers walipoingia sokoni mwaka 1984 walikuja na mtindo uleule: nyuma ya boksi kulikuwa na jedwali la uwezo wa roboti, limefichwa chini ya rangi nyekundu, na ndani mlikuwa na kipande cha plastiki nyekundu cha kulisomea. Nalo lilikuwa la kukatwa.

Naanza na hayo kwa sababu ukikaa na wakusanyaji wa midoli ya mashujaa hukawii kuambiwa kwamba kufungua ni kuharibu. Husemwa kwa sauti ya mtu anayesoma sheria. Lakini boksi lenyewe halikuwahi kusema hivyo. Liliundwa litundikwe dukani, livutie jicho, lichanwe, kisha vipande vyake viingie kwenye mchezo. Sisi ndio tuliokuja baadaye tukaligeuza kuwa kaburi la heshima.

Mimi nafungua. Nafungua karibu kila kinachofika mikononi mwangu, na natunza karibu kila kifungashio. Mambo hayo mawili hayagombani, ila yanadai uamue mapema ni sehemu gani ya boksi unayokubali kuipoteza. Ukifungua bila kuamua, boksi litakuamulia, na kwa kawaida huchagua uso wa mbele.

Anayedhani kifungashio ni takataka inayozunguka kitu cha maana, namkumbusha Krismasi ya mwaka 1977. Kenner walikuwa na haki ya kutengeneza midoli ya Star Wars, filamu ilikuwa gumzo, na midoli haikuwa tayari. Wakauza bahasha bapa ya kadibodi isiyo na mdoli hata mmoja. Ndani mlikuwa na jukwaa la kadibodi la kupanga midoli ambayo haijatengenezwa, stika, na cheti cha kujaza na kukituma kwa posta. Mwaka uliofuata waliotuma wakaletewa wanne wa kwanza: Luke Skywalker, Princess Leia, Chewbacca na R2-D2. Watoto walinunua kifungashio kwanza, mdoli ukaja baadaye. Baada ya hapo kampuni hiyohiyo ikawa inawataka watoto wakate alama za ununuzi kwenye kadi. Alama nne zilikupatia Boba Fett, mhusika mwingine wa Star Wars, kabla hajafika madukani. Ndiyo maana kadi nyingi za zama zile zina tundu palipokuwa na alama, na mimi binafsi kadi yenye tundu la namna hiyo hunifurahisha kuliko ile iliyonyooka kama jana. Imefanya kazi.

Tuje kwenye hoja yenye uzito zaidi: kwamba kilichofungwa kimehifadhika. Si lazima.

Mdoli wa kisasa si plastiki ya aina moja. Viungo na sehemu zinazobeba uzito mara nyingi ni ABS, plastiki ngumu. Koti, mkanda, nywele, na mara nyingine kichwa, ni PVC iliyolainishwa kwa kemikali ili ipinde bila kuvunjika. Kilainishi hicho hakikai mahali pamoja milele. Taratibu kinapanda juu ya uso, na hapo ndipo unapokuta mdoli unanata kana kwamba umemwagiwa soda. Kibaya zaidi, kinaweza kuhamia kwenye plastiki ngumu iliyo jirani. Silaha laini iliyolala miaka mingi juu ya trei ya polistireni inaweza kuila trei mpaka ikaacha alama yake humo. Raba ndogo zinazofunga silaha mkononi hukauka na kukatika, nyingine huacha doa kwenye rangi. Hayo yote hutokea ndani ya boksi ambalo halijaguswa, huku mwenyewe akilitazama rafuni kwa fahari.

Upande wa pili nao una hoja. Watunzaji wa makumbusho mara nyingi huiziba PVC laini makusudi, kwa sababu kilainishi kikipata njia ya kutoka kinaisha, na plastiki hubaki ngumu, inasinyaa na kupasuka. Kwa hiyo sisemi kwamba hewa ni dawa. Ninachosema ni kwamba ndani ya kifungashio kilichofungwa huwezi kufuta kinachonata, huwezi kutenganisha vinavyogusana, na mara nyingi huwezi hata kuona kilichoanza kuharibika nyuma ya trei. Kiwanda hakikupanga vitu vile ili vidumu miaka arobaini. Kilivipanga vifike dukani bila kutikisika.

Sasa kisu. Vifungashio vyenye kiputo cha plastiki juu ya kadi ndivyo vinavyowatesa watu, na sababu yake iko kiwandani. Uso wa kadi hupakwa vanishi maalumu inayoyeyuka kwa joto. Ukingo bapa wa kiputo hukandamizwa juu yake kwa chuma cha moto, na vikipoa vinakuwa kitu kimoja. Mafundi wa viwanda hivyo wana namna yao ya kujua kama mshiko ni mzuri: wanabandua kiputo na kutazama kama kimeondoka na nyuzi za karatasi. Kikiondoka na karatasi, kazi ni safi. Soma tena sentensi hiyo kabla hujaingiza ukucha chini ya kiputo. Kadi kuchanika ndicho kipimo cha ubora. Unapobandua kwa mkono hushindani na gundi, unashindana na mtu aliyelipwa ili ushindwe.

Wengi hukimbilia joto. Vanishi iliyoyeyuka mara ya kwanza inaweza kulainika tena, kwa hiyo wanawasha mashine ya kukaushia nywele na kusogea kidogo kidogo huku wakiinua ukingo. Wakati mwingine inakubali, hasa kwa kadi za zamani ambazo mshiko wake umechoka. Shida ni kwamba kiputo chenyewe hakipendi joto. PET, plastiki ileile ya chupa za soda, huanza kulegea karibu na nyuzi 70 za Selsiasi na PVC ngumu karibu na nyuzi 80, na mashine ikisogezwa karibu hufika huko haraka. Unaweza kuokoa kadi ukabaki na kiputo kilichojikunja. Wengine hudondoshea nafta, yale mafuta ya kutia kwenye viberiti vya chuma. Kwa stika ya bei ni msaada mkubwa: hupenya chini ya gundi, stika inateleza, mafuta yanakauka bila kuacha doa kwenye kadi nyingi. Jaribu kwanza pembeni, fungua madirisha, na usiwe na moto popote karibu. Lakini dhidi ya kiputo kilichochomelewa kwa joto, nafta haifui dafu.

Kwa hiyo mimi sibandui. Nakata, na nakata chini.

Viputo vingi vina sakafu: kale kasehemu bapa kanakotokeza kutoka kwenye kadi chini ya miguu ya mdoli. Ukiweka kadi wima, au ukiitundika, hakuna anayekaona. Naweka kadi chali mezani, kitambaa chini yake, na kwenye kadi yenyewe, tangu ukingo wa kiputo kwenda chini, nalaza kipande cha plastiki nyembamba ili wembe ukiteleza usiguse picha. Wembe uwe mpya. Wembe butu hudai nguvu, na nguvu ndiyo inayopasua. Mkato wa kwanza ni mkwaruzo tu, mstari mweupe kama unywele, unaopita ubavu mmoja wa ile sakafu kutoka mbele kurudi nyuma. Wa pili unafuata mkwaruzo uleule. Wa tatu unasikika: sauti inabadilika kutoka mkwaruzo kuwa mlio mdogo mkavu, na ncha inazama. Hapo nasimama, sibonyezi zaidi, maana nyuma ya ukuta huo kuna kiatu cha mtu. Kisha ubavu wa pili, kisha mstari wa mbele unaounganisha mbavu hizo mbili. Upande wa nne, ule unaogusa kadi, siukati. Ndio bawaba. Sakafu inafunguka kwa chini kama mlango wa banda, trei ya ndani inateleza na mdoli wake, na ukirudisha trei, mlango unajifunga wenyewe.

Plastiki iliyozeeka ni habari nyingine. Kiputo kilichogeuka rangi ya chai mara nyingi kimekuwa kikavu pia, na ukikikwaruza kinaweza kutoa ufa unaokimbia hadi juu. Hapo joto kidogo husaidia, si la kuyeyusha bali la kuondoa ubaridi. Uso wa plastiki ukiwa vuguvugu kwenye kidole, wembe hupita kwa utulivu zaidi. Hata hivyo kuna viputo ambavyo havikatiki kwa usalama, na hivyo nitavirudia.

Maboksi yenye dirisha ni rahisi kiasi kwamba sina mengi. Tafuta stika za duara au selotepu zinazoshika mfuniko. Usizivute, zitang'oa rangi. Pitisha ncha ya wembe kwenye mpaka wa mfuniko, ukate stika katikati, nusu ibaki huku na nusu kule. Fungua upande wa chini badala ya juu, maana ulimi wa juu ndio unaochakaa na ndio unaoonekana. Kama mfuniko umeshikwa kwa matone ya gundi ya moto, ingiza rula nyembamba ya chuma ukitelezesha, na mara nyingi tone linabanduka zima. Wajapani wamelifikiria jambo hili tangu mwanzo. Boksi la midoli ya S.H.Figuarts ya kampuni ya Bandai linafunguka na kufungika siku zote, na trei zake mbili zinakumbatiana bila gundi. Hot Toys wa Hong Kong nao wanatengeneza maboksi ambayo hayataki kisu kabisa. Anayeniambia kwamba kifungashio lazima kife ili mdoli uishi, namwonyesha hayo.

Hasbro walijaribu njia nyingine. Walitangaza kuondoa plastiki kwenye vifungashio vyao vipya kuanzia 2020, na kwa muda midoli yao mingi ya wakusanyaji ikaja kwenye maboksi ya karatasi yaliyozibwa pande zote, mdoli umechorwa nje. Kwa mfunguaji kama mimi lilikuwa boksi rahisi kuliko yote. Lakini mnunuzi hakuweza kuona kama rangi ya macho imekaa sawa, wala kama ndani bado mna mdoli uleule ulioandikwa nje. Malalamiko yalikuwa mengi, na mwaka 2023 wakatangaza kurudisha madirisha. Nakiri kwamba hata mimi nililikosa dirisha. Boksi bila dirisha ukishalitoa mdoli ni boksi tu. Boksi lenye dirisha na trei yake ni jukwaa, unaweza kumrudisha shujaa humo na akaonekana.

Kabla ya kugusa chochote ndani, piga picha. Piga mbele, piga nyuma ya trei, piga karibu palipo na vijiwaya vinavyomfunga mdoli kwenye trei. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka halafu wiki moja baadaye hawakumbuki upanga ulipita juu ya mkono au chini yake. Vijiwaya usivikate. Vizungushe kinyume mpaka vilegee, vinyooshe, vitie kwenye kimfuko kidogo pamoja na raba zilizobaki nzima, na uandike jina la mdoli juu yake. Najua inaonekana ni ulafi wa takataka. Lakini siku utakapotaka kumrudisha ndani asimame kama alivyotoka kiwandani, vijiwaya ndivyo vinavyomshika, na waya mpya unaong'aa hujulikana mara moja.

Tena, mdoli ukitoka usikimbilie kuukunja. Rangi iliyopakwa kiwandani huenda imegandisha kiungo, na goti lililoganda huvunjika kwenye pini na si mahali pengine. Maji ya moto, si yanayochemka, dakika moja au mbili, halafu anza na mwendo mdogo.

Kuhusu kuhifadhi, maadui ni mwanga, unyevu na uzito, kwa mpangilio huo. Mwanga wa jua hupausha wekundu kwanza, ndiyo maana mabango mengi ya zamani yamebaki ya buluu. Vikasha vya akriliki vinavyozuia miale ya urujuanimno vinasaidia, kabati lenye mlango linasaidia zaidi na ni rahisi. Unyevu hupinda kadi, kwa kuwa uso wa mbele umepakwa vanishi na wa nyuma haujapakwa, hivyo pande mbili hunywa maji kwa kasi tofauti. Kadi tupu zilizokatwa viputo na watoto wa zamani mimi huziweka kwenye albamu, ila kurasa ziwe za polipropilini au poliesta. Kurasa laini za PVC zina kilainishi kilekile tulichokisema, na baada ya miaka hushika wino na kuondoka nao. Maboksi yasiyo na dirisha nayakunjua na kuyalaza. Yenye dirisha siyalazi, kwa sababu plastiki ya dirisha ikishapata mkunjo haiusahau. Na trei huingia moja ndani ya nyingine kwa kiasi cha kushangaza ukizipanga kwa ukubwa, jambo ambalo wenzangu wa nyumbani wanalishukuru kuliko mimi.

Sasa niseme nisichokipenda. Ukijua kufungua vizuri, umekaribia kujua kufunga vizuri, na kuna watu wanaovuka mpaka huo. Wanachukua kadi halisi, mdoli halisi uliochezewa na kusafishwa, na kiputo kipya kilichofinyangwa juzi, wanavibandika na kuviuza kama havijawahi kuguswa. Gundi ya namna hiyo mara nyingi hung'aa tofauti chini ya taa ya urujuanimno, na ukingo wa kiputo huwa na mstari wa gundi mahali ambapo kiwanda kingeacha alama ya chuma cha moto. Kampuni zinazopima hali ya midoli, kama Action Figure Authority ya Marekani, zimeota mizizi kwa sehemu kwa sababu ya hofu hiyo: wanakagua, wanatoa alama, wanafungia kila kitu ndani ya akriliki. Hivyo boksi lililofungwa linafungwa tena ndani ya boksi.

Ndiyo sababu mkato wangu uko mahali palepale kila mara, chini, pande tatu, na siugundishi. Atakayeinua kadi atauona papo hapo. Siutaki uonekane rafuni, lakini nautaka uonekane mkononi. Watu wawili watatu wameniuliza kwa nini nisitie tone la gundi safi ili mlango ukae imara. Nimewajibu kwamba mlango unakaa imara vya kutosha, na tone hilo ndilo linalogeuza kifungashio kilichotunzwa kuwa ushahidi wa uongo. Nikiuza, naandika: umefunguliwa chini, bawaba upande wa kadi, vijiwaya vyote vipo, raba moja imekatika. Bei inashuka, na inapaswa kushuka. Mnunuzi anayetaka kilichofungwa atapita, na anayetaka mdoli pamoja na makazi yake hukuta kila kitu mahali pamoja.

Vipo nisivyofungua. Kadi za mwanzo za Kenner, zile zenye picha za midoli kumi na miwili tu nyuma, ikiwa bado zimefungwa kiwandani, ziache. Si kwa ajili ya pesa peke yake. Zimebaki chache, na namna mdoli ulivyokaa ndani, uzito wake ulivyopinda kadi, hata vumbi la kiwandani, ni habari ambayo haiandikwi popote pengine. Siugusi pia mfuko uliozibwa wenye maandishi juu yake, maana mfuko hauna upande wa chini wa kujificha, popote utakapokata umekata uso. Na vile viputo vikavu nilivyovitaja, vyenye nyufa ndogo tayari pembeni ya ukingo, navyo naviweka chali kwenye kasha gumu bila kuviinua inuainua, kwa kuwa uzito wa mdoli wenyewe unatosha kumalizia kazi.

Kwa hao wote kuna njia rahisi ambayo wakusanyaji wakali huiona ni ya kimaskini: nunua mwingine wa aina hiyohiyo uliokwisha kufunguliwa na mtoto fulani zamani, miguu imelegea, rangi ya pua imetoka. Bei yake ni sehemu ndogo ya ule uliofungwa, na huo unaweza kuukunja goti bila maji ya moto.